MKAGUZI WA HESABU NI MIZANI YA NANI?

Mchumaji wa majani ya chai anaijua mizani kuliko mtu yeyote. Kutwa nzima amechuma, kikapu kimemwelemea mgongoni, na jasho lote la siku hiyo hupimwa kwa dakika moja mbele ya karani. Mshale ukisimama pungufu, mshahara nao umepungua. Ndiyo sababu mchumaji hutaka kuuona mshale kwa macho yake mwenyewe, wala hakubali mizani iwe siri ya karani na msimamizi.

Leo, wafanyakazi wenzetu, tunataka kuzungumza juu ya mizani nyingine ambayo wengi wetu hatujaiangalia kwa makini. Kila mwaka hesabu zinapofungwa huja kiwandani vijana wenye makaratasi na kalamu. Huingia ghalani wakahesabu magunia ya sukari na marobota ya pamba, huingia ofisini wakafungua mafaili, kisha hurudi Kampala. Miezi michache baadaye hutoka kitabu chenye sahihi ya kampuni yao. Hao ndio wakaguzi wa hesabu.

Wengi wetu husema, "Hayo ni mambo ya wakubwa." Hapo tunakosea. Karani wa mizani hupima kilo zetu za siku moja. Mkaguzi wa hesabu hupima akiba yetu ya miaka thelathini.

PESA ZETU ZIKO WAPI?

Tuanze na pesa tunazozijua. Mfanyakazi anayelipwa shilingi 300,000 kwa mwezi hukatwa asilimia 5, yaani shilingi 15,000, kwa ajili ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF. Mwajiri naye anatakiwa kuongeza asilimia 10, yaani shilingi 30,000. Jumla ni shilingi 45,000 kila mwezi. Mfuko huu uliundwa kwa sheria ya mwaka 1985, na mabadiliko ya mwaka 2022 yalimlazimisha kila mwajiri kuchangia hata kama ana mfanyakazi mmoja tu. Haba na haba hujaza kibaba: ilipofika Juni 2024 mali ya Mfuko ilikuwa imevuka shilingi trilioni 20.

Ukipita barabara ya Pilkington mjini Kampala utaliona jengo refu la Mfuko liitwalo Workers House, maana yake Nyumba ya Wafanyakazi. Jina ni letu na pesa ni zetu. Lakini mkata miwa wa Kakira au mchuma chai wa Toro hawezi kupanda ngazi za jengo lile na kufungua vitabu mwenyewe. Lazima awepo mtu wa kuvifungua kwa niaba yake. Mwaka 2008 Mfuko ulinunua ardhi ya Temangalo, wilaya ya Wakiso, zaidi ya ekari 400 kwa shilingi bilioni 11 hivi, na Bunge likafanya uchunguzi mrefu juu ya ununuzi huo. Tangu siku hiyo hakuna mfanyakazi anayeweza kusema kwamba hesabu za Mfuko hazimhusu.

Kuna pia hesabu za kiwanda chenyewe. Tunapokaa mezani kudai nyongeza, mwajiri hutuonyesha kitabu na kusema, "Mwaka huu tumepata hasara." Tutajuaje kama ni kweli? Kuna chama cha akiba na mikopo tunachoweka shilingi zetu. Hata chama chetu cha wafanyakazi kina hesabu zake, maana michango ya kila mwezi inatoka katika mishahara yetu. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunaongeza kwamba hata daftari likiwepo, likikaguliwa ovyo mali hupotea vilevile, tena ikiwa na mhuri.

KAZI YA MKAGUZI

Mkaguzi hatunzi vitabu. Vitabu hutunzwa na mhasibu wa kampuni, na wakuu wa kampuni ndio wanaowajibika kwa yaliyoandikwa humo. Kazi ya mkaguzi ni kuja kutoka nje, kulinganisha maneno ya vitabu na ukweli uliopo, kisha kusema mbele ya watu kama hesabu zinaonyesha hali halisi.

Hakagui kila karatasi. Huchagua baadhi na kuzifuatilia. Kitabu kikisema ghalani kuna magunia 4,000, yeye huenda ghalani kuhesabu. Kikisema benki kuna shilingi milioni 900, huiandikia benki moja kwa moja, haridhiki na karatasi aliyopewa na mhasibu. Orodha ya mishahara ikiwa na majina 600, huchukua baadhi ya majina na kuwatafuta wenyewe shambani, asije akakuta ni wafanyakazi hewa.

Mwishoni hutoa maoni yake. Wenzetu wa Tanzania huyaita hati. Hati safi maana yake hakuona kasoro kubwa. Hati yenye shaka maana yake hesabu zinakubalika isipokuwa jambo fulani. Hati isiyoridhisha maana yake hesabu hazisemi kweli. Na wakati mwingine mkaguzi hukataa kutoa maoni yoyote, kwa sababu hakupewa nyaraka za kumwezesha kujua. Hati safi haimaanishi kwamba kampuni ni tajiri, wala kwamba hakuna aliyeiba hata senti. Inamaanisha kwamba mkaguzi ametazama kwa utaratibu wa kazi yake na hakuona kosa kubwa.

Basi swali ni hili: kwa nini mkaguzi mmoja huona na mwingine haoni, ilhali wote wawili wamesoma?

YANAYOMFANYA AONE AU ASIONE

Jambo la kwanza na kubwa kuliko yote ni uhuru wake. Kwa sheria ya makampuni, mkaguzi huteuliwa na wenye hisa katika mkutano mkuu wa mwaka. Lakini katika kampuni nyingi wakurugenzi ndio wanaoleta jina, ndio wanaopatana naye ada, na ndio wanaoweza kumtafuta mwingine mwaka ujao. Anayekaguliwa ndiye anayemlipa mkaguzi! Ni kama msimamizi wa shamba kumchagua karani wa mizani, kumlipa, na kumwambia kwamba asipompendeza atafukuzwa. Karani mwaminifu atapima sawa hata hivyo, lakini tumempa mtihani mzito.

Mtihani huo huwa mzito zaidi pale kampuni ya ukaguzi inapouza na huduma nyingine kwa mteja huyo huyo, kama ushauri wa biashara au wa kodi. Ulimwengu ulijifunza jambo hili kwa uchungu kule Marekani. Kampuni ya nishati ya Enron ilikaguliwa na Arthur Andersen, moja ya kampuni tano kubwa za ukaguzi duniani. Kwa mwaka 2000 peke yake Andersen ililipwa dola milioni 25 kwa ukaguzi na dola milioni 27 kwa kazi nyingine. Mwezi Desemba 2001 Enron ilianguka, na madeni yaliyokuwa yamefichwa yakajulikana. Maelfu ya wafanyakazi walipoteza kazi, na akiba za uzeeni walizowekewa katika hisa za kampuni zikawa karatasi tupu. Andersen nayo, yenye watu 85,000, ilisambaratika baada ya kushtakiwa kwa kuharibu nyaraka. Mahakama Kuu kabisa ya Marekani iliifuta hukumu hiyo mwaka 2005, lakini kampuni ilikuwa imekwisha kufa.

Mazoea ya muda mrefu nayo hupofusha macho. Kampuni ya ujenzi ya Carillion ya Uingereza ilikaguliwa na KPMG kwa miaka 19 mfululizo, kwa ada ya pauni milioni 29. Ilipoanguka Januari 2018, watu wapatao 27,000 waliokuwa katika mifuko yake ya pensheni waliambiwa watarajie pungufu ya walichoahidiwa. Mwaka 2023 KPMG ilitozwa faini ya pauni milioni 21 kwa kasoro za ukaguzi huo. Jicho lililozoea haliuzwi dukani jipya. Dawa yake ni kuleta jicho la mtu mwingine. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka sheria kwamba kampuni zenye hisa sokoni, benki na bima zibadilishe wakaguzi, na muda wa kawaida ni miaka 10.

Jambo la pili ni ujuzi. Hapa Uganda mtu haruhusiwi kufungua ofisi ya ukaguzi kwa kuvaa tai tu. Sheria ya Wahasibu ya mwaka 2013 inataka awe mwanachama wa Taasisi ya Wahasibu Waliothibitishwa wa Uganda, ICPAU, na awe na leseni inayotolewa upya kila mwaka. Lakini cheti hakitoshi. Anayekagua kiwanda cha sukari lazima ajue jinsi miwa inavyogeuka sukari na molasi, la sivyo ataonyeshwa tangi akaamini limejaa. Anayekagua benki lazima ajue kutofautisha mkopo unaolipwa na mkopo uliokufa ambao umevalishwa nguo mpya kila mwezi.

Jambo la tatu ni muda na ada. Mjini Kampala zipo kampuni nne zenye majina makubwa duniani, Deloitte, EY, KPMG na PwC, na zipo ofisi nyingi ndogo za Waganda wenzetu. Zote hushindania wateja. Anayetaka kazi kwa vyovyote hushusha bei, na bei ikishuka mno, siku za kazi hupunguzwa. Mahali palipohitaji wiki tatu panapewa wiki moja.

Hapa, wafanyakazi wenzetu, tusimtazame kijana yule wa ukaguzi kama mtu wa upande wa pili. Yeye naye ni mtu wa mshahara. Wateja wengi hufunga hesabu Desemba au Juni, kwa hiyo kazi zote humwangukia kwa pamoja. Hulala usiku wa manane akijaza karatasi. Mfumaji wa nguo anajua kwamba mashine ikikimbizwa kupita kiasi hutoa kitambaa chenye matundu. Mkaguzi aliyechoka naye hutoa ukaguzi wenye matundu, na katika matundu hayo ndimo pesa hupita.

Jambo la nne ni usimamizi ndani ya ofisi ya wakaguzi yenyewe. Anayekuja kiwandani mara nyingi ni kijana wa mwaka wa kwanza au wa pili, lakini anayetia sahihi ni mkubwa aliyebaki mjini. Mkubwa akisoma kazi ya kijana neno kwa neno, akamuuliza, akamrudisha ghalani akahesabu tena, kazi huwa nzuri. Akitia sahihi huku macho yakiwa kwenye saa, basi sahihi yake ni wino tu. Kwa sababu hiyo kanuni za kimataifa za ukaguzi zinazitaka kampuni ziwe na utaratibu wa kujikagua zenyewe. Kijana naye anayeona kosa lazima aweze kulisema bila kuogopa kwamba ameuudhi uongozi kwa kumpoteza mteja.

Jambo la tano ni nyaraka. Mkaguzi hodari wa namna gani, akinyimwa vitabu ni kipofu. Aliyeficha faili amekwisha kusema jambo, na mkaguzi mwema huliandika jambo hilo katika ripoti.

Jambo la sita ni ulinzi. Anayesema ukweli juu ya wenye nguvu lazima awe na ukuta wa kuegemea. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, kifungu cha 163, inasema kwamba Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hatakuwa chini ya amri ya mtu au mamlaka yoyote katika kazi yake. Yeye ndiye anayewajibika kwa ukaguzi wa mashirika ya umma, NSSF ikiwemo, na sheria inamruhusu kuzipa kampuni binafsi za ukaguzi sehemu ya kazi hiyo kwa niaba yake. Kampuni ile ile inayoogopa kumpoteza mteja binafsi husimama imara zaidi inapojua kwamba aliyeituma si yule inayemkagua.

MIFANO YA NYUMBANI

Tuone sasa tofauti hiyo kwa mifano ya hapa kwetu.

Mwaka 2012 aliyekuwa Mkaguzi Mkuu, John Muwanga, alitoa ripoti maalum juu ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Pesa za misaada zilizokusudiwa kuijenga upya Kaskazini ya Uganda baada ya vita zilikuwa zimepelekwa katika akaunti zisizohusika. Wakaguzi walifuata nyayo za pesa hizo akaunti hadi akaunti. Wafadhili walisimamisha misaada, watu walifikishwa mahakamani, na Serikali ikawajibika kurudisha fedha. Ireland ilirudishiwa yuro milioni 4. Huo ni ukaguzi uliokuwa na uhuru, muda na ujuzi.

Sasa tutazame benki. Kati ya mwaka 1993 na 2016 Benki Kuu ya Uganda ilizifunga au kuzitwaa benki saba: Teefe mwaka 1993, International Credit Bank mwaka 1998, Greenland na Cooperative Bank mwaka 1999, National Bank of Commerce mwaka 2012, Global Trust mwaka 2014, na Crane Bank Oktoba 2016. Sheria hutaka benki ikaguliwe na mkaguzi wa nje kila mwaka na hesabu zake zitangazwe. Hatumhukumu mtu yeyote hapa, na kesi ambayo Benki Kuu ilimfungulia mwenye Crane Bank ilitupwa na Mahakama Kuu mwaka 2019. Lakini mwananchi wa kawaida ana haki ya kuuliza: ikiwa mizani ilisimama mlangoni kila mwaka, mbona mzigo ulipungua kabla hatujaambiwa?

Baada ya Crane Bank kukabidhiwa kwa benki ya dfcu Januari 2017, kamati ya Bunge inayosimamia mashirika ya umma ilimwomba Mkaguzi Mkuu aichunguze Benki Kuu yenyewe. Ripoti ilitoka mwaka 2018. Ilionyesha kwamba Benki Kuu ilitumia shilingi bilioni 478.8 katika shughuli ya Crane Bank, na kwamba nyaraka muhimu za kufungwa kwa benki hizo saba hazikupatikana. Mikopo ya benki tatu zilizofungwa mwaka 1998 na 1999 iliuzwa kwa punguzo la asilimia 93. Ukaguzi huo ulikuwa mkali na wa manufaa, lakini ulikuja wakati mgonjwa amekwisha kuzikwa. Ukaguzi bora ni ule unaogundua homa mgonjwa angali anatembea.

WAJIBU WETU

Tusikae tukisubiri wengine. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mambo ya kufanya yapo, na hayahitaji shahada ya uhasibu.

Kwanza, kila mmoja wetu aombe taarifa ya akaunti yake ya NSSF, ailinganishe na karatasi zake za mshahara. Ikiwa makato yameonekana kwenye mshahara lakini hayakufika kwenye Mfuko, peleka habari kwa mwakilishi wa tawi upesi. Hapo wewe mwenyewe umekuwa mkaguzi.

Pili, katika mkutano mkuu wa chama cha akiba na mikopo, mkaguzi anapotajwa tusipige makofi tu. Tuulize maswali matano. Nani amemchagua? Ana leseni ya mwaka huu? Amekaa nasi miaka mingapi? Tunamlipa kwa kazi nyingine yoyote? Na kasoro alizozitaja mwaka jana zimerekebishwa? Swali la tano ndilo linalosahaulika kuliko yote. Mkaguzi akiandika na hakuna anayesoma, mwaka ujao naye ataandika kidogo.

Tatu, vijana wa ukaguzi wakija kiwandani na kukuuliza, sema unalolijua. Kama gunia la nyuma lina makapi, mwonyeshe. Kama jina lililo kwenye orodha ni la mtu aliyefariki zamani, mwambie. Tunajua hofu ya kupoteza kazi ni ya kweli, kwa hiyo pitia kwa viongozi wa tawi, msiende mmoja mmoja. Uganda ina sheria ya mwaka 2010 ya kuwalinda wanaofichua maovu kwa nia njema; viongozi wa matawi waisome na kuieleza kwa wanachama.

Nne, tunapojadiliana na mwajiri juu ya mishahara, tuombe hesabu zilizokaguliwa, si karatasi iliyochapwa jana usiku.

Tano, na hili tunajiambia wenyewe: nyani haoni kundule. Hatuwezi kudai mizani ya haki kiwandani huku hesabu za chama chetu zikikaa kabatini. Mweka hazina wa tawi asome mapato na matumizi mbele ya wanachama, mkaguzi wa chama asiwe shemeji wa katibu, na ripoti yake ibandikwe ukutani mahali ambapo hata mfagiaji wa zamu ya usiku ataiona.

Mchumaji wa chai hakuipata haki ya kuuona mshale kwa kunyamaza. Alisimama mbele ya mizani, akatazama, akauliza. Nasi tusimame mbele ya mizani hii kubwa ya hesabu, tutazame na tuulize, kwa sababu kilichomo ndani ya kikapu ni uzee wetu na karo za watoto wetu.

Umoja ni nguvu.